Bodi Zenye Mchoro Wazi: Mhadhara kwa Mafundi na Wanafunzi wa Kalima



Nimeombwa niwaeleze vifaa viwili vilivyo hapa mezani. Kwa mbali vinafanana: vipande viwili vya bodi, kila kimoja kinaenea kwenye kiganja. Kimoja ni mikrokontrola, kingine ni kompyuta kamili. Kabla sijaingia humo, nianze na jambo mnalolijua kuliko mimi, yaani bati.

Kasiterite mnayoiosha kwenye mito ya hapa ni oksidi ya bati, na ikiwa safi kabisa karibu asilimia 79 ya uzito wake ni bati tupu. Ikishatoka mkoa wetu wa Maniema na kuyeyushwa ng'ambo, sehemu kubwa ya bati hilo huwa lehemu. Karibu nusu ya bati lote linalotumika duniani huenda kwenye lehemu, na kazi kubwa ya lehemu siku hizi ni kushikisha vijidude vya umeme kwenye bodi kama hizi. Zamani fundi alitumia lehemu ya bati asilimia 63 na risasi asilimia 37, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 183. Tangu tarehe 1 Julai 2006 Umoja wa Ulaya ukazuia risasi katika vifaa vingi vya umeme, na viwanda vikahamia lehemu yenye bati asilimia 96.5, fedha asilimia 3 na shaba kidogo. Hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi. Kwa hiyo sheria ya Ulaya iliongeza bati katika kila kiungo. Sheria nyingine, ya Marekani ya Julai 2010, ikaanza kuuliza madini yametoka kwenye shimo la nani. Septemba mwaka huohuo serikali ya Kinshasa ikafunga uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema hadi Machi 2011, na miezi ile mnaikumbuka bila kukumbushwa na mimi. Baadaye zikaja lebo zenye namba kwenye magunia, za kuonyesha madini yametoka wapi.

Nimeyasema haya kwa sababu watu wa hapa wamezoea kuambiwa kwamba elektroniki ni mambo ya wageni. Madini ya Kalima yamekuwa humo ndani siku zote. Kilichokosekana hapa ni mchoro wa kuzijenga bodi zenyewe.

Sasa tuiangalie bodi ya kwanza. Inaitwa Arduino Uno. Hiki kibati kinachong'aa pembeni ni tundu la USB, hapa programu inaingia kutoka kwenye kompyuta. Hiki cheusi kirefu chenye miguu 28 ndicho chenyewe, chipu ya ATmega328P. Ndani yake kuna kumbukumbu ya kilobaiti 32 ya kuhifadhia programu na kilobaiti 2 za kufanyia kazi. Picha moja ya simu haiingii humo hata ukiikata vipande vipande. Inapiga hatua milioni 16 kwa sekunde. Pembeni kuna matundu 14 ya kuingiza au kutoa ishara za ndiyo na hapana, na mengine 6 ya kupima volti zinazopanda na kushuka. Basi. Haina kioo, haina kibodi, haijui faili ni nini.

Mikrokontrola ni mlinzi wa zamu aliyepewa swali moja. Ukiiwasha, inasoma maagizo ya mwanzo mara moja, kisha inaingia kwenye mzunguko: pima, linganisha, amua, rudi mwanzo. Ukikata umeme inanyamaza, ukiurudisha inaanza tena pale mwanzo bila kulalamika na bila kupoteza programu yake. Mahali ambapo umeme unakuja na kuondoka utakavyo, tabia hiyo ina thamani kuliko kasi.

Niwaambie ilikozaliwa, kwa sababu hadithi yake inatuhusu. Ivrea ni mji mdogo kaskazini mwa Italia, na kwa muda mrefu ulikuwa mji wa kampuni moja, Olivetti, iliyokuwa ikitengeneza mashine za kuchapa. Wazee mliofanya kazi za ofisi huenda mmezipiga. Kampuni iliposhuka, mji nao ukashuka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 palikuwa na chuo cha usanifu pale, kwa msaada wa fedha za Olivetti na Telecom Italia. Wanafunzi wake walihitaji bodi rahisi ya kutengenezea vitu vinavyosikia na kujibu, na zilizokuwepo sokoni zilikuwa ghali. Mwanafunzi kutoka Colombia, Hernando Barragán, alitengeneza bodi na lugha aliyoiita Wiring kwa ajili ya kazi yake ya shahada mwaka 2003. Mwaka 2005 mwalimu Massimo Banzi na wenzake, David Cuartielles, Tom Igoe, Gianluca Martino na David Mellis, wakaendeleza kazi kutoka hapo wakitafuta bodi iliyo rahisi zaidi. Wakaiita Arduino, jina la baa waliyozoea kukaa, nayo baa ilichukua jina la mfalme wa karne ya 11.

Wakati huo chuo kilikuwa kinaelekea kufungwa. Walimu wale walihofia kwamba milango ikifungwa, wanasheria watakusanya kila kitu, na kazi yao itafia kabatini. Ndipo wakaamua kuuweka mchoro wote hadharani. Mtu yeyote auchukue, aujenge, aubadilishe, hata auuze, mradi naye aache mchoro wake uliobadilishwa wazi kwa masharti yaleyale. Programu nazo zikatolewa kwa leseni huria. Chuo kikafungwa kweli. Bodi ikabaki.

Ndugu zangu wa Kalima, mji huu nao ni mji wa kampuni. Kampuni ya Symétain iliundwa mwaka 1932. Mwaka 1976 ikaunganishwa na makampuni mengine ikawa SOMINKI, na SOMINKI ikafika mwisho wake mwaka 1997, wakati wa vita. Wazee waliofanya kazi humo wameketi hapa mbele. Wao watawaeleza vizuri zaidi yangu mashine inakuwaje pale aliyekuwa na mchoro na kipuri ameshaondoka. Ivrea walikuwa na woga uleule, tofauti ni kwamba wao waliufanyia kazi mapema. Ninapowaambia bodi hii ni huria, sina maana ya kwamba inagawiwa bure, kwani mtailipia kama kitu kingine chochote. Maana yake ni kwamba mwenye mali akifa, akifilisika au akiuza, fundi wa Kalima bado anaweza kuifungua, kuisoma na kuirudishia uhai.

Mtu atauliza kama hayo ni maneno tu. Tazameni yaliyotokea. Waanzilishi wenyewe waligombana, na kwa muda pakawa na kampuni mbili zinazodai jina moja, mpaka wakapatana mwaka 2016. Oktoba 2025 kampuni kubwa ya Marekani, Qualcomm, ikatangaza kuinunua Arduino. Katika misukosuko yote hiyo Uno haikukauka sokoni, maana viwanda vya China na kwingineko vinaitengeneza kwa mchoro uleule. Jina tu ndilo lenye mwenyewe. Anayeiga mchoro ana haki, anayeandika jina la Arduino juu ya bodi yake bila ruhusa anadanganya.

Nisiwapambie, lakini. Barragán alilalamika hadharani kwamba kazi yake ilijengewa juu bila kutajwa ipasavyo, na mimi naona alikuwa na hoja. Uwazi haukumzuia mtu kusahauliwa. Jambo la pili: kilicho wazi ni mchoro wa bodi. Chipu yenyewe, ile nyeusi yenye miguu 28, imefungwa. Hakuna atakayeitengeneza Kalima, wala Kinshasa, wala Nairobi kwa sasa. Tunachopata ni haki ya kila kitu kinachoizunguka, na kwa fundi anayetengeneza, huko ndiko hitilafu nyingi zinakokaa.

Twende kazini. Chukueni tangi la maji la kituo cha afya, limewekwa juu ya mnara, na mtu hupanda ngazi kila asubuhi kuchungulia. Tunataka kujua maji yamebaki kiasi gani bila kupanda. Hiki chenye macho mawili ni sensa ya mawimbi ya sauti, HC-SR04. Jicho moja linapiga mlio ambao sikio la binadamu halisikii, mawimbi elfu 40 kwa sekunde, na jicho la pili linasubiri mwangwi. Bodi inahesabu muda tu. Sauti inakwenda mita 343 kwa sekunde kwenye hewa ya nyuzi 20. Mwangwi ukirudi baada ya sehemu 10 za elfu za sekunde, sauti imesafiri mita 3.43, kwenda na kurudi. Gawanya kwa mbili, uso wa maji uko mita 1.71 chini ya sensa. Kama sensa imefungwa kwenye mfuniko na tangi lina kimo cha mita 2, mmebakiwa na sentimita 29. Washa taa nyekundu.

Mnaona hesabu hiyo ni ya darasani, haina uchawi. Ila angalieni mtego wake. Hewa ikipata joto, sauti inaongeza mwendo, karibu mita 0.6 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja. Chini ya mfuniko uliopigwa na jua la saa nane, hewa ikifika nyuzi 40, programu ileile itakosea kwa sentimita 6 hivi, na itawaambia kuna maji zaidi kuliko yaliyopo. Dawa yake ni kuongeza sensa ya joto ndani ya tangi na kusahihisha kwenye programu, mstari mmoja tu. Kifaa kilichofungwa kiwandani kingeweza kukosea hivyohivyo kila mchana na msingejua kwa nini. Halafu macho haya hayapendi mvuke, yatapata kutu. Kuna aina isiyoingiza maji, ila hiyo haioni vizuri kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 20 au 25, basi inueni juu ya mfuniko.

Jambo hili si la kubuni. Kule Nyeri, Kenya, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kikundi cha Ciira wa Maina kimetumia sensa za namna hii kupima kimo cha mto Muringato, na vipimo vinarushwa kwa redio ya nguvu ndogo. Hapa kwetu maji ya mto Lutshurukuru ndiyo yanayotupa umeme. Mwanafunzi anayetafuta kazi ya mwisho wa masomo, na aache kuandika kurasa 60 juu ya faida za teknolojia, afunge sensa juu ya mto mmoja, apime msimu wa mvua na msimu wa kiangazi, alete daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na maji ni mali.

Mfano wa pili nitaupitia haraka. Chanjo nyingi zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Sensa ya DS18B20, iliyofungwa ndani ya kijiti cha chuma, inapima joto hilo kwa kosa lisilozidi nusu nyuzi. Bodi inaandika kipimo kwenye kadi kila dakika 10 na kupiga king'ora joto likivuka 8. Kinachochelewesha kazi hiyo huwa ni kibali cha mganga mkuu, na ni haki yake kukidai. Kifaa cha mwanafunzi kikae pembeni ya kipimajoto rasmi, kisikiondoe.

Bodi ya pili hii hapa ni Raspberry Pi. Ilianza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012, wazo la Eben Upton na wenzake wa Cambridge, Uingereza, waliosikitika kwamba vijana walikuwa wanafika chuoni wakijua kutumia kompyuta bila kujua kuiamrisha. Ya wakati ule iliuzwa dola 35. Hii ni kompyuta nzima: unaichomekea televisheni, kibodi na kipanya, unaweka kadi ndogo ya kumbukumbu yenye Linux, unaandika barua, unafundisha darasa. Watu wengi huitaja kwa pumzi moja na Arduino kana kwamba ziko wazi sawasawa. Haziko. Programu zake nyingi ni huria, lakini chipu yake ya Broadcom ina sehemu zilizofungwa, na mchoro kamili wa bodi hautolewi. Anayetaka kompyuta ya bodi moja yenye mchoro wote hadharani atafute BeagleBone Black ya mwaka 2013. Mimi Raspberry Pi naitumia na kuipenda, ila sipendi isifiwe kwa sifa isiyo yake.

Kuchagua kati ya mlinzi na kompyuta, hapa Kalima, kunaamuliwa na betri. Uno inakula kama miliampea 50. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7, ile inayobebwa kwa mkono mmoja, ukiitumia nusu tu ili isife mapema, itailisha Uno siku 3 hivi bila jua. Raspberry Pi 4 ikiwa imekaa tu inakula karibu wati 3, na nusu ya betri ileile itakwisha ndani ya nusu siku. Kuna ubaya mwingine. Kompyuta ina tabia ya kuandika kwenye kadi yake wakati wote, na umeme ukikatika katikati ya kuandika, kadi inaweza kuharibika na asubuhi isiwake. Ukinunua Pi, bajeti yako iwe na betri ya akiba na kitufe cha kuizima kwa adabu. Bila hivyo utazika kadi nyingi.

Kazi inayoifaa kabisa ni maktaba. Kiwix ni programu huria, ilianza mwaka 2007, inayomwezesha mtu kusoma Wikipedia nzima bila intaneti. Wikipedia ya Kifaransa pamoja na picha zake inaingia kwenye kadi ya gigabaiti 64. Pi inarusha Wi-Fi darasani, wanafunzi wanaifungua kwa simu za kawaida, hakuna anayenunua megabaiti. Mwalimu wa sekondari aliyezoea kunakili ubaoni kutoka kitabu kimoja atajua namaanisha nini. Ya Kiswahili imo pia, ni ndogo kuliko ya Kifaransa, na anayeona makala ya Maniema ni fupi mno aelewe kwamba inamsubiri yeye.

Sitazungumzia roboti sana, ingawa najua vijana mmekuja kwa ajili ya hizo. Zile roboti za alumini zilizoanza kuongoza magari Kinshasa mwaka 2013, zenye paneli za jua, zilitengenezwa na kundi la mhandisi wa Kongo, mama Thérèse Izay Kirongozi. Ziliwasimamisha madereva ambao polisi hawakuwaweza. Hilo linatosha kuwajibu wanaosema hatuwezi.

Nimalizie na ya sokoni, kwa sababu hapo ndipo pesa zinapopotea. Bodi ya kuiga yenye chipu ya CH340 upande wa USB ni nzuri na bei yake ni nafuu. Ila kompyuta ya zamani haitaitambua mpaka uiwekee programu yake ya kuitambulisha, basi uipakue ukiwa mjini Kindu au popote penye mtandao kabla hujapanda pikipiki ya kurudi. Bodi za ESP32, za mwaka 2016, zina Wi-Fi ndani na mara nyingi bei yake ni nafuu kuliko ya Uno, na Raspberry Pi Pico ya 2021 ilitoka kwa dola 4. Zote mbili zinatumia volti 3.3. HC-SR04 niliyowaonyesha inarudisha volti 5. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye ESP32 au Pico, unaweza kuiua bodi siku ya kwanza. Weka resista mbili za kuigawa volti, ya kilo-ohimu 1 na ya kilo-ohimu 2, na bodi inapona. Usiendeshe pampu wala kengele kubwa kutoka kwenye mguu wa bodi, miliampea 20 ndiyo mipaka ya busara kwa Uno. Weka transista au rele katikati. Resista hizo, transista, hata waya na tundu, zimejaa kwenye redio na televisheni zilizokufa zilizorundikwa nyuma ya maduka yenu. Zitoeni kwa pasi ya kulehemia, dirisha likiwa wazi kwa ajili ya moshi, na mkumbuke kwamba lehemu ya redio za zamani ina risasi, na anayekula chikwange bila kunawa mikono baada ya kazi hiyo anakula risasi.

Kila mtakachokifunga kibaki na mchoro wake. Chora kwa mkono: waya gani umekwenda kwenye tundu gani, sensa ya aina gani, programu imehifadhiwa wapi, tarehe. Andika kwa Kiswahili cha hapa, usiandike kwa lugha ya kuwaridhisha wakaguzi. Karatasi moja ikae ndani ya boksi la kifaa, kwenye mfuko wa plastiki, na nakala ikae kwa mtu mwingine, kwenye nyumba nyingine. Ukibadilisha mchoro wa mwenzako, taja jina lake juu ya la kwako. Sasa walio na bodi au sensa mfukoni wasogee mezani, na yule aliyekuja na kidhibiti cha paneli kilichoungua aje wa kwanza, tukifungue.